Debe la tembo na mpwa wangu wa miaka minne

Najua nimekuwa kimya. Wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika, na yupo mmoja aliyedhani nimeliwa na simba huko Serengeti. Sijaliwa. Nilikuwa kwetu Mara, na nimerudi na habari ambayo siyo ile niliyoiendea.

Nilikwenda kuandika juu ya tembo. Ndugu zetu wanaoishi kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti wanaijua habari hiyo kuliko mimi. Mahindi na mtama vikianza kukomaa, tembo wanavuka mpaka usiku. Kundi dogo tu linaweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula ambacho familia ilikitegemea mwaka mzima. Wananchi wanalinda mashamba kwa tochi, kwa moto, kwa moshi wa pilipili, kwa filimbi, na zaidi ya yote kwa madebe. Nasema debe lile lile la bati la mafuta ya kula, la lita 20, ambalo mchana linachotea maji na usiku linageuka silaha.

Dada yangu ameolewa huko, upande wa Wilaya ya Serengeti. Sisi kwetu ni Tarime. Basi nikapanda gari Tarime, nikapita Nyamongo penye mgodi wa dhahabu, nikavuka Mto Mara, nikafika Mugumu vumbi likiwa limenijaa mpaka kwenye kope. Kutoka Mugumu nikachukua pikipiki. Dada alinipokea kwa ugali wa mtama na maziwa mgando, nami nikasahau uchovu wote.

Usiku wa pili, yapata saa nane, madebe yakalia. Kama hujawahi kusikia madebe ya kijiji kizima yakipigwa kwa pamoja usiku wa manane, sijui nikueleze vipi. Nyumba nzima ilikuwa macho. Shemeji alitoka mbio na tochi, jirani akawa anapiga debe lake hatua kumi tu kutoka kwenye dirisha letu. Watoto watatu wakubwa waliruka kitandani. Wa nne, kitinda mimba, mwenye miaka minne, hakuamka. Alijigeuza upande mmoja, akaendelea kulala.

Nikamwambia dada kwa utani, "Huyu anajua kulala."

Dada akacheka. "Ndivyo alivyo huyo, kaka. Hata kukiwa na harusi hapa uwanjani analala tu."

Nami nikacheka. Mwandishi wa habari mzima, niliyekwenda kuchunguza mambo, nikacheka na kurudi kulala.

Kesho yake shemeji na wenzake walikwenda kukagua mashamba. Mimi nilibaki na watoto, ambao walikuwa wanaitaka simu yangu kwa udi na uvumba ili wacheze magemu. Nikawaambia simu haina chaji, twende tukatengeneze bendi. Wakaniuliza, "Mjomba, ala tutazitoa wapi?" Nikawaambia zimo humu humu jikoni kwa mama yenu.

Hili jambo nalipenda tangu utotoni, na naomba nilieleze kidogo kwa sababu wazazi wengi wanadhani muziki wa mtoto mpaka ununuliwe dukani. Tulichukua debe la tembo, tukaligeuza juu chini: hiyo ndiyo ngoma kubwa. Ndoo ya plastiki ikawa ngoma ya kati, kopo la maziwa ya unga likawa ngoma ndogo. Watoto wakagundua wenyewe kwamba chombo kikubwa kina sauti nzito na kidogo kina sauti nyembamba. Mwiko wa ugali na fimbo mbili vikawa vya kupigia. Chupa tupu za maji tulizitia mtama, moja ngumi moja na nyingine kidogo tu, tukazifunga vizibo kwa nguvu ili mdogo asije akaingiza punje puani au akazimeza. Hizo zikawa kayamba. Vizibo vya soda tulivipondaponda vikawa bapa, tukavitoboa kwa msumari, tukavifunga kwenye waya, vikawa njuga.

Kisha nikawaonyesha la chupa za soda. Tulipanga nne, tukatia maji kwa vipimo tofauti. Ukigonga chupa kwa kijiko, yenye maji mengi inatoa sauti ya chini. Lakini ukipuliza mdomo wa chupa ile ile, mambo yanageuka: yenye maji mengi ndiyo inayotoa sauti ya juu. Binti mkubwa, wa darasa la nne, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ukigonga kinachotetemeka ni chupa pamoja na maji, na maji yakizidi mtetemo unakuwa mzito. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki ndani, nayo ikipungua sauti inapanda. Akatingisha kichwa kama mwalimu mkuu.

Basi tukaanza. Kwa watoto wadogo usianze na wimbo, anza na mwendo. Mmoja anapiga pigo la kutembea, moja mbili, moja mbili, wengine wanaingia mmoja mmoja. Likishakaa sawa unaleta mchezo wa kusimama: kiongozi akiacha kupiga, wote kimya. Atakayeendelea tunamcheka.

Kitinda mimba nilimpa debe. Na jamani, alilipiga! Alikuwa anaitazama mikono yangu kwa macho makali, na kila nilipoisimamisha, yake ilisimama papo hapo, kuliko kaka zake. Nikajisemea, huyu ndiye mwanamuziki wa familia.

Halafu nikataka kuwatega. Nikawapa mgongo, nikapiga ndoo yangu nikiwa nimeificha mbele yangu, nikaacha ghafla. Wote wakanyamaza. Debe likaendelea. Moja mbili, moja mbili. Wenzake wakacheka, yeye akaendelea kupiga huku anatabasamu, mpaka alipogeuza uso akawaona wanacheka, ndipo akaacha.

Nikarudia. Ikawa vile vile. Mara ya tatu nikamwambia binti mkubwa achukue sufuria na mwiko, apite nyuma yake taratibu, asikanyage kwa kishindo, alipige. Alilipiga mpaka kuku wakatawanyika. Mtoto hakugeuka.

Ndugu msomaji, nilihisi baridi juani.

Nikatoka nje ya uwanja, nikafungua simu ambayo "haikuwa na chaji". Nilikuwa na picha za video za Krismasi iliyotangulia, nilizozipiga pale pale. Nilizitafuta nikazipata. Watoto wanakula pilau uani, mfuniko wa sufuria kubwa unaanguka kwenye saruji, wote wanashtuka na kugeuka. Yeye anaendelea kula. Niliwahi kuiangalia video ile mara nyingi na kuwaonyesha rafiki zangu mjini, nikisema huyu mpwa wangu ni mpole. Ushahidi ulikuwa mfukoni mwangu miezi sita.

Nilipomweleza dada, alikaa kwenye kigoda. Alisema jambo ambalo nadhani alikuwa nalo moyoni siku nyingi: mtoto alikuwa ameanza kusema "mama" na "maa" ya ng'ombe, kisha akiwa na mwaka mmoja na nusu akapata homa kali, shingo ikakaza, akalazwa wiki mbili. Waliambiwa ni homa ya uti wa mgongo. Alipona, wakamshukuru Mungu, wakarudi nyumbani. Maneno hayakurudi. Alipouliza kwenye kituo kimoja cha afya aliambiwa watoto wa kiume wanachelewa kusema, avumilie. Akavumilia.

Jioni shemeji aliporudi tukamwambia. Hakusema kitu. Alikwenda kukaa karibu na zizi la ng'ombe mpaka giza likaingia. Baadaye dada alininong'oneza sababu. Wiki moja kabla yangu, mtoto aliachia ndama wakaingia kwenye mahindi. Baba yake alimwita mara tano akiwa nyuma yake, hakuitika. Akamchapa kwa ukaidi.

Kwa nini watu wazima wote tulidanganyika? Nimejiuliza sana, na mtaalamu baadaye alinisaidia kuelewa. Mtoto asiyesikia hakai kama gogo. Mlango ukibamizwa anageuka, kwa sababu sakafu imetikisika. Lori likipita anakimbilia barabarani, kwa sababu amelihisi miguuni. Ukimwita akiwa anakutazama anakuja, kwa sababu ameuona mdomo na mkono wako. Na ngoma, ambayo ndiyo kila mtu angeifikiria kama kipimo, ndiyo inayodanganya kuliko vyote, kwa kuwa ngoma haisikiki kwa masikio peke yake.

Siku iliyofuata nilipoliweka debe uwanjani ili tuendelee, shemeji alilichukua akalirudisha ndani. "Shemeji," aliniambia, bila hasira, "muziki wa nini kwa mtoto asiyesikia? Tusimfanye kichekesho."

Sikuwa na jibu. Kusema kweli nilidhani ana haki.

Dada hakutaka kwenda Mwanza hospitali kabla ya kumwona bibi yetu. Tukarudi Tarime, dada, mimi na mtoto. Bibi ni mzee sana sasa, anaona kwa shida, lakini bado anatwanga mwenyewe na ole wako umkataze. Tulimweleza yote. Alisikiliza, akasema, "Mura, mlete hapa." Akamkalisha mtoto chini, karibu na kinu, miguu imenyooka na nyayo zikigusa kinu. Akaanza kutwanga.

Pigo la kwanza mtoto alikodoa macho. La pili akacheka. Kufika pigo la kumi alikuwa ameokota kijiko, anagonga sufuria lililokuwa kando yake, kila mchi unapotua naye anagonga. Bibi akaongeza mwendo, naye akaongeza. Bibi akasimama, naye akasimama. Na hakuwa anamtazama bibi. Alikuwa amefumba macho.

Bibi akamwambia dada, "Sisi tulipokuwa wasichana, nani alikuwa anasikiliza kwa masikio tu?" Akatukumbusha viatu vya mbao wanavyovaa wachezaji wa Kikurya, ibirandi, vile vizito vinavyokanyagwa ardhi ikaitika. Ukisimama kwenye duara lile, mdundo unakuingia kwa nyayo, unapanda kwenye magoti, kifuani ndiyo unamalizikia. Jioni akaitwa mzee jirani mwenye litungu. Wasiolijua, litungu ni zeze kubwa la nyuzi nane, lenye bakuli la mbao lililowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito, ya tumboni. Mzee alimruhusu mtoto aweke kiganja kwenye ngozi. Alikaa vile, bila kutikisika, muda wote mzee alipokuwa anapiga. Wenye watoto wa miaka minne mnajua kutulia kiasi hicho si jambo la kawaida.

Nilipokuwa kwenye basi la Mwanza nilikumbuka kwamba niliwahi kusoma habari za Evelyn Glennie, mwanamama wa Scotland, mpiga ngoma na ala za kugonga anayejulikana dunia nzima. Alipoteza sehemu kubwa ya kusikia kwake akiwa mtoto, na alipofika miaka 12 alikuwa kiziwi karibu kabisa. Mara nyingi anapopiga jukwaani huvua viatu ili ahisi sauti kwa miguu. Mwaka 2012 aliongoza wapiga ngoma elfu moja kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London. Niliwahi kuisoma habari hiyo kama kioja cha Ulaya, kumbe bibi yangu Tarime anaijua bila kuisoma.

Bugando walimpima. Sikio la kulia karibu halipati kitu, la kushoto linapata kidogo sauti kubwa sana. Tuliambiwa habari za vifaa vya kusaidia kusikia, vile vinavyoitwa shimesikio, kwamba vinaweza kumsaidia kiasi upande mmoja lakini visitufanye tusubiri. Jambo la haraka ni lugha. Ubongo wa mtoto hujenga lugha miaka ya mwanzo, na kwa mtoto kiziwi lugha ya alama ni lugha kamili, si ya kubahatisha. Dada aliuliza kwa sauti ndogo kama mwanawe atasoma. Atasoma. Nchi hii ina shule ya viziwi Tabora tangu mwaka 1963 na Buguruni tangu 1974, na nyingine zimefuata pamoja na vitengo kwenye shule za kawaida. Kuna pia CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, chenye watu ambao ni viziwi wenyewe na wanayajua mambo haya kwa maisha yao. Na tafadhali, tuache neno "bubu". Wenyewe wanajiita viziwi, na wana mengi ya kusema.

Tuliporudi kijijini nilitegemea shemeji atasema debe lisiguswe tena. Dada alimweleza habari ya kinu. Hakujibu. Asubuhi yake nilimkuta uwanjani, amekaa chini na mwanawe, debe katikati yao. Alikuwa anapiga upande mmoja kwa kiganja, taratibu, mtoto ameweka shavu upande wa pili. Sikupiga picha. Zipo picha ambazo si zangu.

Bendi imeendelea. Na hapa ndipo nilipopata jibu la swali la shemeji, muziki wa nini. Kwanza, watoto wenyewe walibuni alama: mkono juu ni anza, ngumi ni simama, viganja viwili kushuka ni pole pole, kidole kifuani ni zamu yangu. Hakuna aliyewafundisha. Walijua mdogo wao hawezi kuingia bila alama, basi hakuna anayeanza kabla ya kumtazama usoni. Kwa miaka miwili na nusu mtoto yule alikuwa anaishi katikati ya watu wanaosemea mgongoni kwake. Kwenye bendi wanageuka. Sasa wanageuka hata wakati wa kula. Zile alama nne ndizo zilizokuwa maneno ya kwanza ya nyumba ile kumwambia kitu akaelewa, naye akawaambia kitu wakaelewa.

Pili, ni ule mchezo uliotufumbua macho. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kwamba asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika: surua, homa ya uti wa mgongo, masikio yanayotoa usaha yasiyotibiwa, matatizo ya wakati wa kuzaliwa, na dawa zinazodhuru masikio. Chanjo zinazuia baadhi ya hayo. Lakini yakishatokea, mtu wa kwanza kugundua si daktari. Ni yule anayecheza na mtoto. Nasi, tuseme ukweli, tunawalisha watoto wetu, tunawavisha, tunawaombea, ila kukaa nao chini tukapiga kopo tunaona ni upuuzi, kazi ya watoto wenyewe.

Basi naomba hivi. Una mtoto mdogo nyumbani, au mpwa, au mjukuu? Chukua ndoo, mwiko, chupa yenye punje za mahindi iliyofungwa vizuri. Cheza naye robo saa. Pigeni nje, na usipige mifuniko ya masufuria karibu na masikio yake. Kisha mpe mgongo na uache kupiga. Kama haachi, rudia siku nyingine, maana watoto wengine ni wakorofi tu. Kama bado haachi, usimchape na usisubiri. Mchezo huu si kipimo cha hospitali, lakini unatosha kukupandisha basi.

Ile habari ya tembo sijaisahau, nitaileta juma lijalo. Nilipokuwa naiandaa nimesoma kwamba tembo huongea kwa milio mizito ambayo mingine masikio yetu hayaipati, na kwamba huipokea pia kupitia ardhini, kwa nyayo. Juzi nilimpigia dada simu nikamweleza. Akasema, "Kumbe ndiyo maana." Nikamuuliza maana ya nini. Akasema usiku wa jana tembo walikuja tena, na kabla debe lolote halijapigwa, mtoto alikuwa ameshaamka, amekaa kitandani, anamvuta dada yake mkono na kumwonyesha chini.

Sijui kama ni tembo aliowahisi au ni mkojo. Dada anasema ni tembo.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.